Mazoezi ya Kumbeba Anastazia

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimemgeuza alfajiri. Nimempaka mafuta mgongoni. Uji wa ulezi, kwa kijiko. Dawa ya presha. Kisha kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha dirishani, kama daktari alivyoagiza tangu kiharusi kilipompooza upande wa kulia: asilale mchana kutwa, akae, aone watu.

Leo nimemwangusha.

Nilimshika makwapani, nikamvuta. Akaja nusu. Mgongo wangu ukakataa. Tukashuka wote wawili hadi sakafuni, yeye chini, mimi juu ya mguu wake mzima. Hakulia. Alinitazama tu. Nilijaribu kumwinua, nikashindwa. Nikajaribu tena. Nikashindwa tena.

Nikaenda kumwita Kasimu, jirani yetu mwenye bucha. Alikuja na aproni yake ya kazini. Alimwinua Anastazia kwa mkupuo mmoja, akamketisha, akamfunika khanga magotini.

"Pole, mama. Mwalimu, siku nyingine niite tu, usione taabu."

Akarudi kwenye nyama zake.

Mke wangu alikuwa na gauni la kulalia. Mwanamume mwingine amemkumbatia chumbani mwangu, nami nimesimama nikiwashikia mlango. Nilimshukuru. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

Naona haya. Siandiki zaidi.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Suzana, binti yetu wa kwanza, amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Amekwisha kuambiwa. Ni shemeji yangu Felista aliyemwambia, yule anayekuja mchana kumwogesha dada yake. Felista ana mwili mdogo kama wa kuku wa kienyeji na mdomo usio na mlango.

"Baba, mwezi ujao nikipata likizo nakuja kumchukua mama. Wewe mwenyewe sasa ni wa kushikwa mkono."

Nilimjibu kwamba mama yake hataondoka katika nyumba hii nikiwa hai. Nikasema tuliteleza kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Sakafu ilikuwa kavu. Nimemdanganya mtoto wangu, tena kwa sentensi iliyonyooka.

Jambo lenyewe liko wazi. Nikiweza kumwinua kwa mikono yangu kabla Suzana hajafika, atabaki. Nisipoweza, ataondoka.

Lazima nitafute mahali pa mazoezi. Katika umri huu.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mahali pa kwanza: ghala la zamani la tumbaku, upande wa nyuma wa mtaa wa Mtendeni, hapa hapa Tabora. Vijana wameligeuza kuwa jimu. Vyuma vya kujitengenezea: bomba lililochomekwa katika makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vioo ukutani. Muziki wa kishindo, uliosikika kabla sijauona mlango. Harufu ya tumbaku bado imo, imechanganyika na ya makwapa.

Nilikuwa na kaunda suti na viatu vya ngozi. Sikujua mtu huvaa nini.

Niliposimama mlangoni, mtu mmoja mwenye kifua kama kabati alizima muziki. "Shikamoo, mwalimu!" Nilimfundisha darasa la sita. Wote wakasimama, hata waliokuwa wamelala chini ya vyuma. Ghala zima likanyamaza kunisubiri niseme.

"Umemfuata nani, mwalimu?"

Nikasema ninamtafuta fundi bomba.

Wakatoka watatu kunisaidia kumtafuta. Tumezunguka mitaa ya Mtendeni, jua likiwa kali, tukimuulizia fundi ambaye sikuwa nimempa hata jina. Kila duka walisema, "Mwalimu wetu anahitaji fundi." Mwishowe alipatikana kweli. Amekuja nyumbani, ametazama mabomba, ameona ni mazima. Anastazia alikuwa akitufuata kwa macho kutoka kitini, ambako Kasimu ndiye aliyemweka asubuhi.

Nimechoka kwa uongo wangu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kuna kikundi cha watu wanaokimbia pole pole kila Jumamosi asubuhi. Wanavaa fulana za manjano, wanaimba wakikimbia. Wanajiita kilabu ya jogingi. Nimenunua suruali ya mazoezi ya mtumba, ya buluu, yenye mistari myeupe ubavuni. Raba nimeazima kwa Kasimu. Nilimwambia ni za kwendea shamba.

Nilivaa koti refu juu ya yote mpaka nilipofika uwanjani.

Nimekuwa mwalimu wa zamu miaka mingi, nikiwasimamia watoto katika mchakamchaka kila alfajiri, nao wakiimba na kutimua vumbi. Mimi nilisimama na filimbi. Sikukimbia hata siku moja. Leo nilikuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuwa akipokea simu huku anakimbia. Aliniuliza kama nahitaji kupumzika. Akamwambia mtu wa kwenye simu asubiri, kuna mzee hapa anahema.

Tulipita mbele ya kanisa, misa ya kwanza ikitoka. Wanajumuiya wenzangu walikuwa mlangoni. Niliwaona, nao waliniona. Nilikata kona ya kwanza nikarudi nyumbani kwa uchochoro.

Isitoshe, kukimbia hakumwinui mtu. Miguu yangu haina tatizo. Tatizo ni mgongo na mikono.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Niliambiwa kuna nyumba ya wageni karibu na stesheni yenye chumba cha mazoezi. Kweli ipo mashine ya kukimbilia. Wameanika taulo juu yake.

Binti wa mapokezi hakuinua hata uso. "Mzee, unataka chumba cha kulala au cha muda mfupi?"

Nilitoka. Nje nikakutana na katekista wetu akipita na baiskeli. Alinisalimu kwa heshima kubwa mno. Akatazama kibao cha nyumba ya wageni, akanitazama mimi, akasema atatuombea nyumba nzima.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Njia ya kwenda Kwihara. Ua wa michongoma, na kibao chenye makosa mawili ya herufi. Nilikisoma mara mbili, nikaingia hivyo hivyo. Ndipo nilipofikia.

Mwenye mahali ni Mama Nyemo, askari mstaafu, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Chini ya turubai kuna mikeka, matairi ya lori na mifuko ya mchanga. Wateja wake ni akina mama walioambiwa na madaktari wapunguze mwili. Mwanamume hakuna hata mmoja.

Aliniuliza naumwa nini. Nikasema siumwi.

"Basi unataka kuoa tena."

Wakacheka wote, wameshikilia magoti. Akauliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamwambia: Mnyamwezi, kwetu Ipole.

Alipuliza filimbi. "Jamani! Mnyamwezi kajileta mwenyewe! Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Umekwisha, babu."

Wagogo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipokatiza nchi yao na mizigo kwenda pwani. Mtani hukutania hata msibani, hata ukiwa kitandani unakata roho, na hupaswi kukasirika. Ukikasirika, unatozwa faini. Kila mtoto wa Tabora anajua. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda mchezo huo. Nyumbani kwetu haukuingia. Nami sikuuleta kwangu.

Niliburuta tairi kwa kamba kuuzunguka ua. Nimekohoa mpaka machozi. Nitarudi keshokutwa. Sina mahali pengine.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Tairi. Mfuko wa mchanga. Mikono imechoka, na mwandiko huu si wangu.

Anastazia aliuliza ninakwenda wapi asubuhi. Sasa husema neno moja moja, kwa kulitafuta. "Wapi?" Nikamjibu: kutembea. Akaninusa shati.

Kasimu ndiye aliyemtoa kitandani tena. Huja akipiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Sitarudi kwa yule mwanamke.

Mke wa Kasimu amejiunga na mazoezi. Sikujua. Alinisalimu vizuri, kisha nikamwona akimnong'oneza Mama Nyemo. Mama Nyemo akapuliza filimbi, kila mtu akasimama.

"Kumbe! Njooni mumwone Mnyamwezi! Babu zake walipita kwetu Ugogo na meno ya tembo mabegani, ya watu wala si ndugu zao, wakayafikisha baharini. Huyu kapewa mzigo wake mwenyewe, wa halali, wa kanisani, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, kautua njiani!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mke wa Kasimu alijifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, "Nyamaza, mwanamke wewe!" Ua wote ukanyamaza. Nikachukua koti langu nikaondoka.

Nimetembea kutoka kule mpaka hapa bila kumwitikia mtu shikamoo.

Alichosema ni kweli. Hilo ndilo linalouma. Angesema uongo ningecheka.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Nimekwenda ofisi ya mtaa kumshtaki. Nilieleza kwa utaratibu: mahali, siku, maneno yaliyotamkwa. Mwenyekiti alinisikiliza, kalamu mkononi. Naye ni Mnyamwezi, kijana wa makamo, mtoto wa watu wa Ulyankulu upande wa mama. Nilipofika kwenye meno ya tembo aliiweka kalamu mezani. Alinyanyuka akaenda dirishani, akanipa mgongo kwa muda.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, mimi hapa nimesuluhisha mipaka, ndoa na mbuzi walioiba mihogo. Mtu aliyeushtaki utani sijaletewa. Angekuwa si mtani wako, ningemwita leo leo. Lakini Mgogo? Mzee wangu, mwenye kosa ni wewe. Umemkaripia mtani mbele za watu."

Akanihukumu: jogoo. Nimpeleke mwenyewe, mkononi, mchana, watu waone.

Nilikuja na shauri langu nikatoka na faini. Katika maisha yangu yote sijapata kuadhibiwa na ofisi yoyote.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Nimepeleka jogoo. Nilimfunga miguu, nikamkumbatia chini ya kwapa, naye akawa anawika kila tulipofika kwenye kundi la watu. "Mwalimu, sikukuu gani?"

Mama Nyemo alimpokea kwa vigelegele. "Mbukwenyi! Mzigo umefika!" Hiyo ndiyo salamu ya kwao. Alimpima jogoo kwa mkono, akasema amekonda kama mwenyewe. Kisha akavaa kandambili, akafunga khanga ya pili kiunoni.

"Haya, twende kwako. Mtani akiuguliwa, tunakwenda kumcheka mgonjwa wake."

Nilimwambia mgonjwa amepumzika. Alikuwa amekwisha kutoka nje ya ua.

Aliingia nyumbani bila hodi. Akaingia chumbani bila hodi. Mimi nilibaki sebuleni na kofia mkononi, kama mgeni.

Nilimsikia: "We mke wa mpagazi! Unaumwa au unadeka? Umejilaza makusudi ili ubebwe?"

Nilikuwa tayari kuingia kumtoa. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, polepole, inalitafuta kila neno.

"Mgogo... umekuja... kuomba?"

Mama Nyemo alipiga kelele za furaha. Na Anastazia akacheka. Kicheko cha upande mmoja, kinachovuja, lakini ni kicheko. Sijakisikia tangu alipougua.

Nimeishi naye chumba kimoja miezi yote hii, kijiko kwa kijiko, na sikuwa nimefikiri kumchekesha. Nilimtunza kama mtu anayetunza ofisi. Naona haya.

Jumatano, tarehe 25 Juni

Mama Nyemo alitaka aone ninavyomwinua. Nilimwonyesha kwa mfuko wa mchanga, mbele ya wanawake wote. Alitikisa kichwa.

"Unamshika kama unayemkamata mwizi. Mimi nimekamata wezi, najua wanavyoshikwa. Huyu ni mkeo. Mkumbatie. Kifua kwa kifua, mikono izunguke mgongoni, ndipo uinuke naye kwa miguu."

Nikasema nitajaribu.

"Mbona hukumkumbatia tangu mwanzo?"

Sikumjibu. Nitajijibu hapa. Felista huwa yumo ndani, dirisha li wazi, Kasimu yuko ng'ambo ya njia. Sijapata kumkumbatia mke wangu mchana mbele ya mtu. Sikulelewa hivyo. Nilimvuta makwapani kwa sababu ya haya, na haya ndiyo iliyomwangusha.

Jumanne, tarehe 1 Julai

Mfuko wa mchanga kutoka mkekani mpaka kwenye benchi. Mgongo unauma, lakini ni maumivu ya kazi, si ya kukatika. Wanawake wamenizoea. Mmoja hunitunzia koti. Wameacha kuniita mwalimu. Wananiita mpagazi, na mimi huitika.

Suzana amepata likizo. Atafika Jumapili ya tarehe 13.

Ijumaa, tarehe 4 Julai

Leo jambo ambalo sitamwambia padri.

Mama Nyemo aliketi chini katikati ya mkeka, akanyoosha miguu. "Mchanga haulalamiki. Nibebe mimi."

Nilikataa. Wanawake wakaanza kupiga makofi. Nilitazama ua wa michongoma. Haukuwa na tundu la mtu kuchungulia. Nikapiga goti. Nikamkumbatia mwanamke asiye mke wangu, jasho lake shavuni kwangu, naye ameregea makusudi kama mgonjwa, huku anatoa amri sikioni: "Karibu zaidi! Mimi si moto! Inuka! Inuka, mla asali, inuka!"

Niliinuka. Alikuwa kwenye benchi.

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nilikaa chini nikafunika uso. Nilikuwa nikicheka. Nadhani nilikuwa nikicheka.

Nilimwambia Anastazia mwenyewe kabla Felista hajamwambia. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mzito?" Nikasema, kuliko wewe. Akaonekana kuridhika.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Nimemwinua.

Asubuhi, peke yetu. Nilimkaribia, nikamkumbatia kifua kwa kifua. Nywele zake zina harufu ya mafuta ya nazi anayompaka Felista. Mkono wake mzima ukanishika shingoni. Nikainuka naye. Nikageuka. Nikamketisha.

Kasimu alikuja akipiga mluzi, akamkuta kitini. "Ala! Nani kamtoa?" Nikasema mimi. Akanipa mkono.

Mchana nilimtoa mpaka barazani. Jioni pia nilimtoa, wakati watu wamejaa bucha. Hakuwa na haja ya kutoka. Upepo wa Julai ni baridi na khanga yake ilikuwa nyepesi. Nilitaka waone. Nilipomweka chini niligeuka kutazama ng'ambo kama wamenitazama. Walikuwa wananitazama.

Nilipomgeukia Anastazia, naye alikuwa ananitazama.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Barazani tena, mara tatu. Felista amesema dada yake anakohoa. Nimemwambia asinifundishe.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Suzana amefika. Amenenepa kidogo, anafanana na mama yake. Alinishika miguu, akasema shikamoo baba, nikasema marahaba. Hakuwa ameketi hata kidogo nikamwambia: tazama. Nikamkumbatia mama yake, nikamtoa kitandani, nikamweka kwenye kiti. Sikutweta. Nilisimama wima nikamtazama mwanangu, nikingoja.

Suzana alifuta macho. "Baba, sikujua unaweza."

Nikamwambia basi shauri limekwisha. Mama yako anabaki.

Nilidhani amekubali. Lakini yeye hakunijibu mimi. Alichuchumaa mbele ya kiti, akamshika mama yake mkono. "Mama, wewe unataka nini?"

Nilishangaa. Niandike ukweli: nilishangaa kwa sababu swali lile halikuwa limenipitia akilini. Nimeburuta matairi, nimebeba mchanga, nimebeba Mgogo, nimepeleka jogoo. Kumuuliza mwenyewe, sikumuuliza.

Anastazia alimtazama mwanawe. Kisha akasema.

"Nataka kwenda."

Suzana alimuuliza kama ni kwa sababu nilimwangusha. Akatikisa kichwa. Maneno yalikuja moja moja, nami nilisimama pale nikiyapokea.

"Mimi sioni haya. Ni yeye. Kila akinishika... anatazama nani anatuona. Nimechoka... kumtazama."

Nilitoka nikaenda kusimama uani, kwenye kamba ya nguo.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Sina la kuandika. Amesema kweli mbele ya mtoto.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Nilikusudia kukataa. Mimi ndimi mume, nyumba ni yangu, neno langu lingetosha. Nilikaa naye dirishani mchana. Nikamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia: unataka kweli? Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama atarudi. Akasema atarudi. Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Hapana. Pumzika."

Suzana amekata tikiti za treni, daraja la kulala, ili mama yake anyooke njiani. Keshokutwa jioni.

Mama Nyemo amekuja kuaga. Amemwambia Anastazia kwamba akipita Dodoma afumbe macho asije akawatamani Wagogo. Wamecheka sana. Nimekaa nao. Nimecheka kidogo.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Stesheni. Watu wengi, magunia ya mchele, madumu ya asali, kuku ndani ya matenga. Behewa liko juu, ngazi zake ni za kupanda kwa kushika chuma, na nafasi ni ya mtu mmoja. Wachukuzi wawili walikuja na kiti cha magurudumu wakasema watambeba mama juu. Suzana alisema, baba, waache wafanye.

Nilikuwa nimekwisha kupiga goti.

Kifua kwa kifua. Mkono wake shingoni. Nilipanda kwa mguu mmoja, nikatafuta chuma kwa bega, nikapanda kwa mwingine. Suzana alinisukuma mgongoni kwa viganja vyote viwili. Mahali pembamba pa mlango tulikwama. Ikabidi nimbane zaidi, shavu kwa shavu, nimpitishe ubavu ubavu. Nilikuwa ninatweta na sikujali.

Alisema sikioni kwangu, "Taratibu. Treni... haijaondoka."

Nilimlaza kwenye kitanda cha chini. Nilimvua viatu. Nilimfunika blanketi. Nilikaa karibu naye mpaka kengele. Aliinyoosha kola yangu kwa mkono wake mzima.

Nilipoteremka ndipo nilipoona watu. Walikuwa wamejaa madirishani na kwenye jukwaa, na katikati yao katekista wetu, na vijana wawili wa jimu ya ghala la tumbaku. Wote walikuwa wamesimama kimya. Sijui walisimama kwa muda gani. Sikuwa nimewatazama.

Treni imeondoka ikichelewa. Nimerudi kwa miguu.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Usiku kucha, bila kuamka hata mara moja. Jana vilevile. Sijalala namna hiyo tangu Februari. Mke wangu ameondoka, na mwili wangu umefurahi. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Nimefagia. Nimechemsha chai, nimekunywa nikiwa nimesimama.

Suzana amepiga simu. Wamefika salama, mama amekula wali kidogo na mchicha. Akampa simu.

Nilimsikia akipumua, akitafuta neno.

"Umelala?"

Nilitaka kusema kwamba sikupata usingizi. Ilikuwa tayari mdomoni.

"Nimelala, Anastazia. Nimelala sana."



"Mimi pia," akasema.